Rafu ya Mengineyo

Saa mbili na robo asubuhi Gundi alikuwa ameshapaka uji wa ngano kwenye migongo ya vitabu vitatu, na sasa alikuwa akikibana cha nne kati ya matofali mawili aliyoyaviringishia magazeti. Jina la Gundi alipewa na wasomaji, naye hakulikataa. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kama mkutubi msaidizi katika maktaba ile, naye alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye unga uliokaukia pembeni mwa kucha. Zamani ofisi kuu ilileta gundi ya chupa kila mwezi. Bei ilipopanda mara ya kwanza, wakaleta nusu. Ilipopanda tena, wakaacha kabisa na kumwambia atumie akili. Akili yake ikawa sufuria dogo, unga wa ngano na tone la mafuta ya taa la kufukuzia mende. Siku hizi hata unga ulikuwa haushikiki, kwa hiyo aliukoroga mwepesi, na kitabu kilichokuwa kikikauka kwa siku moja sasa kilitaka mbili.

Maktaba yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye taa sita, mbili tu ndizo zilizokuwa zikiwaka. Mbele kulikuwa na meza ya kuazimia na chumba cha Mkuu wa maktaba, mzee mpole aliyebakiza miezi mitano astaafu, na ambaye tangu mwaka uanze alitembea kama mtu aliyebeba glasi iliyojaa maji. Nyuma kabisa, palipokunja kona karibu na dirisha lisilofunguka, kulikuwa na rafu moja ya mbao iliyobandikwa karatasi yenye neno moja: MENGINEYO.

Mgeni angedhani ni mahali pa kutupia visivyo na kwao. Haikuwa hivyo. Pale palikuwa na vitabu thelathini na vinne, na vyote vilimhusu kijana aliyefiwa. Kulikuwa na hadithi ya msichana anayeendelea kupika chakula cha watu watano katika nyumba iliyobaki na wanne. Kulikuwa na ile ya ndugu wawili wanaogombea koti la marehemu baba yao mpaka wanalichana. Kulikuwa na kitabu chembamba kilichoandikwa na daktari, kinachoeleza kwa nini mwenye msiba husahau njia ya nyumbani, huchukizwa na watu wanaofurahi, na wakati mwingine hucheka yeye mwenyewe mahali pasipofaa. Gundi alivikusanya kimoja kimoja, kutoka maboksi ya misaada, shule zilizofungwa, duka la vitabu lililofilisika, akavishona na kuvibandika. Neno msiba hakuliandika popote kwenye rafu. Alijua kwamba angeliandika, hakuna mtoto ambaye angesogea.

Alijua kwa sababu mwenyewe alifiwa na baba akiwa na miaka kumi na mitatu, na siku ya mazishi alicheka. Hakuelewa kwa nini. Shangazi yake alimfinya mkono, wakubwa wakamwambia ajikaze, na kwa miaka kumi na saba akaishi akiamini ana roho ya jiwe. Mpaka siku alipokuwa akikitia jalada kile kitabu cha daktari, macho yakaangukia ukurasa mmoja, akausoma hadi mwisho, kisha akakaa sakafuni, akauanza upya.

Vijana waliifahamu ile rafu. Walikuja mmoja mmoja baada ya masomo au baada ya kazi, wakapita mbele ya meza kama watu wanaotafuta kamusi, wakapotelea konani. Walisoma wamekaa chini, migongo ukutani. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Na hakuna aliyeazima, maana fomu ya uanachama ilitaka sahihi ya mzazi, na hapo ndipo kila kitu kilipokwama.

Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa, na wa kwanza kuingia alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye sweta la shule hata wakati wa likizo. Mama yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma, naye sasa alilelewa na mama yake mdogo. Alikuwa akikisoma kile cha msichana anayepika kwa mara ya tatu. Mwezi uliopita Gundi alimpa fomu aende nayo nyumbani, ikarudi vilevile, tupu. Mama mdogo alikuwa amesema vitabu vya msiba huita msiba, na kwamba huo waliokuwa nao ulikuwa unawatosha.

Ilipogonga saa tatu akaingia afisa kutoka ofisi kuu. Alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni na jalada la plastiki kwapani. Alimsalimia Gundi kwa adabu, akamwita mama, akamwonyesha waraka. Vitabu vyote ambavyo havijaazimwa kwa miezi ishirini na minne vilitakiwa kuondolewa ili kupunguza gharama. Vingeuzwa kama karatasi taka kwa kiwanda cha trei za mayai, na lori lingekuja kuvibeba saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Gundi aliusoma waraka mara mbili. Ulikuwa umeandikwa wiki sita nyuma, lakini ndiyo kwanza anauona.

Afisa hakuwa mvivu. Alipita rafu kwa rafu, akafungua kila kitabu nyuma, akatazama kikaratasi kinachopigwa mihuri ya tarehe, akaandika. Vitabu vya zamani vya sheria vikaenda, orodha za simu zikaenda, mafungu ya magazeti ya serikali yakaenda, na Gundi hakusikitika sana. Kisha afisa akakunja kona.

"Mengineyo ni nini?" akauliza.

Gundi akamweleza, kwa kifupi, kwa sauti ya chini, kwa kuwa binti alikuwa amekaa upande wa pili wa rafu. Afisa alisikiliza hadi mwisho. Akachukua kitabu cha daktari, akakifungua nyuma. Kikaratasi kilikuwa cheupe. Akachukua kingine, na kingine.

"Mama, hapa hakuna hata muhuri mmoja."

"Tazama kurasa, mwanangu. Zimelainika kama kitambaa. Hicho nimekibandika mgongo mara nne."

"Mimi sitazami kurasa. Nahesabu mihuri."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe haoni kwamba vinasomwa, akajibu kwamba anayeona ni yeye, lakini anayesoma ripoti ni mwingine, na kwamba yeye anatekeleza tu. Akatoa chaki, akachora alama kubwa ya mkasi, ya kuondolewa, ubavuni mwa rafu, akaelekea stoo kuhesabu viti vilivyovunjika, maana waraka ulitaja na viti.

Gundi alirudi mezani, akaketi. Alishika brashi akaitazama, akaiweka. Miaka yote kumi na tisa hakuwahi kujiuliza angefanya nini siku hiyo ikifika, kwa sababu hakuwahi kudhani mtu angehangaika kuondoa kitu ambacho hakikuwa kimegharimu chochote.

Alipoinua macho, binti alikuwa amesimama mbele yake, kitabu kifuani. Alikuwa amesikia yote. Kwa miezi minne, ukiondoa siku ile ya fomu, walikuwa wameishia kwenye shikamoo na marahaba, lakini sasa aliuliza swali kamili, sauti yake ikikwaruza kidogo kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara. Alitaka kujua: na vitabu vilivyoazimwa leo, navyo vinachukuliwa?

Afisa alikuwa ameuacha waraka mezani. Gundi akauvuta, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Aya ya tatu ilisema kwamba vitabu vilivyo mikononi mwa wasomaji siku ya ukaguzi havihusiki.

"Kwa hiyo tukiviazima vyote," binti akasema.

"Fomu inataka sahihi ya mzazi, mwanangu. Nyote mnaokuja pale..."

Binti akaitazama ile fomu iliyobandikwa kwenye kioo cha meza kama mfano. "Wote tunaokaa pale," akasema, "hicho ndicho tulichokosa."

Gundi akainuka. Hakujisikia shujaa. Alijisikia mtu aliyekaa miaka kumi na moja akigawa karatasi ile kwa mkono wake mwenyewe, akiona watoto wakiisoma, wakiikunja na kuirudisha mezani, na hakuwahi kuuliza.

Aliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Mzee alikuwa ameshauona waraka, na kabla hajaulizwa akaanza kujitetea: miezi mitano, kiinua mgongo, hataki kukwaruzana na ofisi kuu dakika za mwisho. Gundi akamwacha aseme. Kisha akamwekea fomu mezani, akaweka kidole palipoandikwa mzazi, akauliza ni nani aliyeandika hapo.

Mkuu akavaa miwani. Akaitazama fomu kama barua iliyochelewa kufika.

Alikuwa ameiandika yeye. Miaka kumi na moja nyuma vitabu vichache vilipotea, ofisi kuu ikataka fomu kali zaidi, akaipiga chapa mwenyewe adhuhuri moja. Akavuta droo, akatoa kijitabu cha kanuni, akamsomea Gundi kifungu. Kanuni haikutaja mzazi. Ilisema mwombaji adhaminiwe na mtu mzima anayemfahamu.

"Mbona ukaandika mzazi?"

"Lilitosha kwenye mstari," Mkuu akasema. "Mtu mzima anayemfahamu hayakutosha." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Sikufikiria. Haki ya Mungu, sikufikiria."

Nje afisa alisikika akiburuta viti. Mkuu aliutazama mlango, na kwa muda Gundi aliona ameshakata shauri la kunyamaza. Lakini mzee aliuliza vitabu ni vingapi. Thelathini na vinne. Na kila mwanachama huruhusiwa vingapi? Viwili. Basi, akasema, wanatakiwa watoto kumi na saba. Akavuta rundo la fomu, akachukua kalamu nyekundu, akalikata neno mzazi na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: mtu mzima anayemfahamu. Akapiga muhuri pembeni ili mtu asije akasema imechezewa. Akachukua ya pili. Kwenye fomu za kwanza aliandika herufi kwa herufi. Kufikia ya kumi alikuwa akienda kama mtu anayemenya viazi.

"Waite," akasema bila kuinua kichwa.

Gundi hakuweza kuondoka mezani, kwa hiyo aliyekwenda ni binti. Wenzake wa kona hakuwahi kuzungumza nao, lakini alikuwa na macho. Yule mmoja suruali yake ilinuka petroli, na gereji mtaani ilikuwa moja tu. Mwingine kila siku alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Msichana mmoja alivaa aproni yenye nyuzi za nywele bandia. Wawili walikuwa na beji ya shule ya upande wa pili wa reli, na alimjua mtu wa shule ile. Akazitia fomu ndani ya sweta, akatoka mbio, akisahau hata kuaga.

Ilifika saa nne, hakuna mtu. Ilifika nne na nusu. Gundi alivitoa vitabu vyote rafuni, akavipanga mezani, akaandaa kadi, akachovya muhuri kwenye wino, akangoja. Alianza kujilaumu kwamba amewabebesha watoto mzigo: kusoma konani bila kuonekana ni jambo moja, kusimama mbele ya meza mchana kweupe na kutaja unachokitaka ni jambo jingine.

Saa tano kasoro akaingia mwanagenzi wa gereji, kijana mrefu, mabega yamekunjwa. Nyuma yake alikuja bosi wake, mikono bado ina oili. Bosi hakuuliza mengi. Alisema kijana huyu tangu kaka yake azikwe anafungua injini moja mara tatu na kusahau boliti, na kama karatasi inaweza kusaidia, basi aletewe karatasi hiyo. Kalamu ilimteleza vidoleni, basi akaweka dole gumba jeusi, kubwa, lililofunika mistari miwili.

"Unachukua kipi?" Gundi akamuuliza kijana.

"Kile cha koti," akasema kijana, macho mezani.

Aliyekuwa ameingia wakati huohuo, yule wa vumbi la mbao, akasema nyuma yake kwamba na yeye alikuwa akikisubiri hicho. Wakageukiana. Walikuwa wamekaa ukuta mmoja tangu mvua za kwanza.

"Nani wako?" akauliza wa gereji.

"Baba. Wewe?"

"Kaka. Ndiye aliyenilea."

Basi. Lakini wa gereji alisema akimaliza atampelekea karakana ya seremala, na mwenzake akasema poa, na Gundi akaukandamiza muhuri mahali pasipo na haja ya nguvu kiasi kile.

Baada ya hapo walikuja kama maji ya bomba lililozibuliwa. Walikuja wenye wadhamini na wasio nao. Mama anayeuza chai getini aliacha birika kwa jirani, akatia sahihi kwa ajili ya watatu ambao alisema anawafahamu kuliko wanavyojifahamu, kwa kuwa kila siku huona nani amenunua chai na hajainywa. Mwalimu mmoja aliyekuwa likizoni alikuja na kandambili miguuni. Mwenye nyumba mmoja alimdhamini mpangaji wake wa miaka kumi na saba, huku akimkumbusha kwamba hilo halihusiani na kodi. Mstari ulifika mlangoni. Wengi walinong'ona majina ya vitabu, wengine walionyesha kwa kidole, lakini kadiri saa zilivyokwenda sauti zilipanda, mpaka msichana mmoja wa beji aliomba kitabu cha daktari kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, na hakuna aliyegeuka kumshangaa.

Aliyegeuka ni afisa. Alitoka stoo ana vumbi hadi kwenye kope, akaona mstari, akaona meza, akaelewa. Akasema siku ya ukaguzi hakuna kuazima. Kabla Gundi hajajibu, mlango wa Mkuu ulifunguka na mzee akatoka, kalamu nyekundu bado mkononi. Akauliza, kwa upole wake uleule, tangazo la kufunga maktaba lilibandikwa lini. Kanuni inataka siku saba.

Afisa akasema tangazo halikubandikwa.

"Basi tuko wazi," akasema Mkuu, "hadi saa kumi na moja."

Afisa akapiga simu ofisi kuu. Akaambiwa mkubwa yuko kikaoni. Akangoja, akapiga tena. Mkubwa bado yuko kikaoni. Mara ya tatu hakupokea mtu. Akaketi kwenye kimoja cha viti alivyokwisha kuviandika kuwa vimevunjika, na kiti kikamstahimili.

Saa saba ndipo akaja mama mdogo wa binti. Aliingia na mtoto mgongoni na jasho usoni, akiuliza yuko wapi yule anayezunguka mitaa kama aliyechanganyikiwa, akiwagongea watu makazini kuwauliza habari za wafu wao. Binti alikuwa ndiyo kwanza amerudi na kundi la mwisho kutoka ng'ambo ya reli, viatu vimejaa vumbi. Akasimama.

Gundi alikichukua kile cha msichana anayepika, alichokiweka kando makusudi, akampa yule mama mkononi. Mama mdogo alikipokea kama mtu anayepokea kitu asichokitaka. Akakifungua katikati ili aonyeshe upuuzi uliomo. Akasoma mstari, akasoma mwingine. Akageuza ukurasa. Alisoma amesimama, mtoto akimvuta kitambaa cha kichwani, watu kumi na moja nyuma yake, na hakuna aliyemhimiza.

"Dada yangu alikuwa na kikombe chake cha bluu," akasema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Mpaka leo nakiosha kila asubuhi. Hakijanywewa."

"Najua," akasema binti. "Na mimi nakiosha jioni."

Mama mdogo akamtazama. Halafu akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka kabla hajakizuia, akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamejaa. Gundi akamsogezea kalamu na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Akaitia. Alipoulizwa cha pili kiwe kipi, akasema wampe kitakachomfaa mtu mzima, kama kipo, naye Gundi akamchagulia.

Saa nane na nusu vilibaki vitabu vinne. Dakika chache baadaye vikabaki viwili. Kisha lori likasikika likirudi kinyumenyume kwenye uwanja, na mlio wake ule wa kuonya ukajaa ukumbini. Dereva, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, akaingia kuuliza mzigo uko wapi. Afisa akainuka, akamwonyesha mafungu ya sheria na magazeti, na bila kumtazama Gundi akaongeza kwamba na vile viwili pale mezani.

Wakati huohuo akaingia yule msichana wa saluni akihema, aproni bado mwilini. Alikuwa peke yake. Bosi wake alikataa kutoka kwa sababu alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Nyumbani hakuwa na mtu: bibi aliyemlea ndiye aliyekuwa amemzika.

"Mdhamini?" akauliza afisa. Safari hii alikuwa na haki, na alijua. Gundi na Mkuu ni watumishi wa maktaba, kanuni haiwaruhusu. Mama wa chai alikuwa amerudi kwenye birika lake, na saa ilikuwa tisa kasoro dakika mbili. Msichana alitazama huku na huku, hakuona mtu mzima anayemjua, akaanza kurudi nyuma.

Dereva alikuwa amesimama pale, akijikuna chini ya kofia. Akaomba kuiona fomu. Akaisoma taratibu, midomo ikitembea, hadi kwenye yale maandishi mekundu.

"Mtu mzima anayemfahamu," akarudia. Akamgeukia msichana. "Haya, binti, unaitwa nani?"

Akamtajia jina. Akamuuliza anakaa wapi, akamwambia. Akamuuliza anafanya kazi gani, msichana akajibu anajifunza kusuka. Akamuuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Msichana akafikiri, akasema alikuwa mkali asubuhi na mpole jioni, na alipenda redio.

"Basi," dereva akasema, akichukua kalamu, "sasa namfahamu."

Akatia sahihi ndefu yenye mkia. Gundi akapiga muhuri wa kwanza, akapiga wa pili, na msichana akavichukua vitabu akavifunika na aproni kana kwamba kuna mvua. Kisha mtu mmoja mlangoni akapiga kofi moja, mwingine akamfuata, na mara wote walikuwa wanapiga makofi, hata mama mdogo aliyekuwa amekwenda kukaa benchi la mwisho kusoma, hata mtoto mgongoni kwake ambaye hakujua ni kwa nini.

Lori likapakiwa sheria za zamani na orodha za simu. Afisa akabaki na fomu yake ya ripoti. Kulikuwa na mstari mmoja ambao hakujua aujaze vipi: vitabu thelathini na vinne vilivyoandikwa asubuhi kuwa vya kuondolewa, havimo kwenye lori, havimo rafuni. Nafasi ya sababu ilikuwa tupu. Alisema wazi, bila hasira tena, kwamba hajui aandike nini, na kwamba kesho ataulizwa.

"Andika vimechukuliwa na wenyewe," Gundi akamwambia.

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

Afisa akatazama nje. Hawakuwa wamekwenda nyumbani. Walikuwa wamejaa ngazini na kwenye kivuli cha ukuta, wawiliwawili na watatuwatatu, wa gereji na wa karakana, wa beji na wa saluni, vichwa vimeinamia kurasa, mmoja akimsomea mwenzake kwa sauti huku wengine wawili wakijifanya hawasikilizi. Akaishika kalamu. Akaandika: vimechukuliwa na wenyewe. Mkuu akaomba aione, akaisoma neno kwa neno, akasema hapo imekaa sawa, kisha akaigonga muhuri wa maktaba kwa kishindo hata vijana wa ngazini wakainua vichwa, wakatazama, wakarudi kusoma.